Ukuta wa uke umeshuka: usubiri, ufanye mazoezi, uvae pesari au upasuliwe?

Mwanamke anatoka kwa daktari ameambiwa yuko "hatua ya pili". Njiani anapiga hesabu: hatua ziko nne, mimi nimefika katikati, bado mbili. Usiku halali. Hesabu hiyo imewasukuma wengine kukimbilia upasuaji kabla ya wakati, na imewafungia wengine ndani kwa miaka, ilhali kipande kidogo cha silikoni kiitwacho pesari kingeweza kuwarudisha kwenye shughuli zao. Nataka niivunje hesabu hiyo kwanza, kisha nizipange njia nne zilizopo, ili uone ipi inakaa na maisha yako.

Namba ya hatua inapima jambo moja tu: sehemu iliyoshuka zaidi imefika wapi. Haipimi unavyoteseka. Yupo wa hatua ya tatu anayeshinda amesimama kazini bila kulalamika, na yupo wa hatua ya pili ambaye kila jioni anahisi kama amekalia mpira. Wote wawili hawajakosea, na hawahitaji tiba ile ile.

Kilichoshuka ni nini hasa

Mbele ya uke kuna kibofu cha mkojo. Nyuma yake kuna sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na juu yake mfuko wa uzazi. Vyote hivi vimebebwa na misuli ya sakafu ya nyonga kwa chini, na kwa juu vimefungwa na kano na tishu zinazovivuta kuelekea kwenye mifupa. Misuli ikichoka na kano zikilegea, ukuta wa uke hubonyea ndani na kuanza kushuka.

Ukuta wa mbele ukishuka, kibofu ndicho kinachousukuma. Aina hii ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi. Ukuta wa nyuma ukishuka, ni utumbo unaosukuma. Juu ikilegea, mlango wa kizazi hushuka kama kidole ndani ya glavu, na kwa mwanamke aliyekwisha kutolewa kizazi, kilele cha uke chenyewe hushuka. Mara nyingi sehemu mbili hushuka pamoja. Kwa hiyo ukiambiwa "hatua ya pili" bila kuambiwa ni ya ukuta upi, umepewa nusu ya jibu.

Chanzo kikubwa ni kuzaa kwa njia ya kawaida, hasa pale mtoto alipovutwa kwa koleo. Umri na kukoma hedhi huongeza, na uzito mkubwa pia, kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha miaka mingi na kazi ya kunyanyua mizigo. Wengine wamerithi tishu laini kutoka kwa mama zao na hawakufanya kosa lolote. Nalisema hili kwa sababu najua wengi wanajilaumu.

Wala si jambo la wachache. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wanawake waliokwisha kukoma hedhi na ambao bado walikuwa na kizazi walipimwa, na takriban asilimia 41 walikutwa na kushuka kwa kiasi fulani. Wengi wa namna hii hawana dalili yoyote.

Hatua, kwa sentimita

Kipimo kinachotumika zaidi sasa kinaitwa POP-Q, kilichokubaliwa na vyama vya wataalamu mwaka 1996. Mstari wake wa sifuri ni kizinda, maana yake ukingo wa mlango wa uke. Mabaki yake hubaki hata kwa mama aliyezaa watoto wengi. Kilicho ndani ya mstari huo husomwa kwa alama ya kutoa, kilichotoka nje kwa alama ya kujumlisha. Unapimwa huku ukisukuma kama unayekwenda haja kubwa.

Hatua ya sifuri: hakuna kilichoshuka.

Hatua ya kwanza: kumeshuka, lakini sehemu ya chini kabisa bado iko ndani, zaidi ya sentimita 1 juu ya kizinda. Mwanamke mwenyewe kwa kawaida hajui chochote. Hugunduliwa akipimwa kwa sababu nyingine.

Hatua ya pili: sehemu ya chini iko kati ya sentimita 1 ndani na sentimita 1 nje. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotezana. Mwanamke aliye sentimita 1 ndani na mwenzake aliye sentimita 1 nje wanabeba jina moja, lakini wa kwanza huenda hahisi kitu, na wa pili anagusa kinundu kila anaponawa. Mstari wa kizinda ndio ambao, ukivukwa, wanawake wengi huanza kuhisi "kuna kitu kinatoka". Ndiyo maana sentimita zina maana kuliko namba ya hatua. Ziulize.

Hatua ya tatu: kimetoka nje zaidi ya sentimita 1, ila uke haujageuka wote. Kinundu huonekana, nguo ya ndani hukisugua, na kukojoa huanza kuwa na vikwazo: mkojo unakatika, unalazimika kurudi tena chooni baada ya dakika chache, au inabidi urudishe ukuta ndani kwa kidole ndipo utoke.

Hatua ya nne: uke umegeuka nje wote au karibu wote, kama mfuko wa nguo uliovutwa nje. Ngozi yake hukauka, huchubuka na inaweza kutoa vidonda.

Kuna kipimo cha zamani zaidi, cha Baden na Walker, cha mwaka 1972, na bado kinatumika. Nacho kina daraja hadi la nne, lakini mipaka yake ni tofauti: la kwanza ni nusu ya njia kuelekea kizinda, la pili ni pale pale kwenye kizinda, la tatu ni nusu ya njia kutoka nje, la nne ni mwisho kabisa. Kwa hiyo daktari mmoja anaweza kukuandikia "pili" na mwingine "tatu" ndani ya mwezi mmoja, na mwilini mwako hakuna kilichobadilika. Wametumia rula mbili.

Saa nayo ina neno. Ukipimwa asubuhi umelala chali, kinundu kinaweza kujificha. Jioni, baada ya siku nzima ya kusimama, kinarudi. Kama kipimo hakifanani na unachokihisi, omba upimwe umesimama, au upangiwe saa za mchana.

Je, hatua ni ngazi ambayo lazima uipande yote? Hapana. Wanawake waliofuatiliwa miaka 3 huko Marekani bila kutibiwa, takriban asilimia 11 tu walishuka zaidi kwa sentimita 2 au zaidi, wachache walipanda juu kwa kiasi hicho, na waliobaki, ambao ndio wengi, hawakusogea mbali na walipokuwa.

Kabla ya kuendelea: ukishindwa kabisa kukojoa, ukitoka damu ukeni baada ya kukoma hedhi, ukiwa na kidonda kwenye kinundu, au ukipata homa pamoja na maumivu ya ubavuni, usikae kulinganisha njia. Nenda hospitali leo. Kushuka kwa hatua za juu kunaweza kuikunja mirija inayotoka kwenye figo, mkojo ukajaa kurudi nyuma, na figo ikaumia kimyakimya.

Vigezo vya kulinganishia

Nimezipima njia zote nne kwa maswali yale yale. Inafaa hatua ipi? Inaondoa nini hasa? Inakudai nini, kwa muda na kwa juhudi? Ina hatari gani? Inakaaje na tendo la ndoa na mipango ya kuzaa? Na mwisho, inamfaa nani.

Swali la pili ndilo zito kuliko yote. Dalili za kushuka ni za aina tofauti: kinundu na uzito, kuvuja mkojo, kushindwa kuumaliza mkojo, kushindwa kutoa choo bila kubonyeza ukuta kwa kidole, maumivu wakati wa tendo. Maumivu makali ya mgongo au tumbo mara nyingi yana chanzo kingine, na kuurudisha ukuta hakutayaondoa. Andika dalili moja inayokuharibia siku kuliko nyingine zote. Hiyo ndiyo unayoitafutia dawa.

Kuacha na kufuatilia

*Hatua.* Yoyote, alimradi hausumbuliwi, mkojo unatoka wote na hakuna kidonda. Kwa kawaida ni ya kwanza na ya pili.

*Inachoondoa.* Hofu, kama umeelezwa vizuri. Kinundu chenyewe hakiguswi.

*Inachodai.* Kurudi kupimwa kila baada ya muda mtakaokubaliana na daktari. Pia kulainisha choo kwa maji na vyakula vyenye nyuzinyuzi, kutibu kikohozi, kupunguza uzito kama umezidi, na kuacha kusukuma kwa nguvu chooni. Haya yanawahusu hata watakaochagua njia nyingine.

*Hatari.* Ni moja, na ni ya kibinadamu zaidi: kusahau kurudi. Mwenye hatua ya tatu au ya nne anayeamua kukaa nayo ni lazima ahakikishe mkojo unatoka wote na figo ziko sawa.

*Tendo na uzazi.* Hakuna kizuizi. Ukuta ulioshuka hauharibiwi na tendo la ndoa.

*Inamfaa* mwanamke aliyegunduliwa kwa bahati, na pia mama aliyejifungua karibuni. Huyu wa pili namtaja kwa mkazo. Miezi ya kwanza baada ya kujifungua, tishu bado zinajikusanya, na kinachoonekana wiki ya sita si lazima kiwepo mwaka ukitimia. Asikubali kuharakishwa kwenye uamuzi usiorudi nyuma.

Mazoezi ya sakafu ya nyonga

*Hatua.* Hasa ya kwanza na ya pili. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa mwaka 2019 unashauri hatua hizo zipewe angalau wiki 16 za mazoezi yanayosimamiwa. Hatua ya tatu inaweza kufaidika pia.

*Inachoondoa.* Uzito wa jioni, kuvuja mkojo unapokohoa au kucheka, na hisia ya kulegea. Utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha wanawake 447 wa Uingereza, Australia na New Zealand, wenye hatua ya kwanza hadi ya tatu, ulionyesha kwamba waliofundishwa mmoja mmoja walikuwa na dalili chache zaidi baada ya mwaka kuliko waliopewa maelezo ya karatasi tu. Lakini tuseme ukweli: dalili hupungua kuliko kinundu kinavyopanda. Kilichokwisha kutoka nje kabisa hakirudishwi ndani na misuli peke yake.

*Inachodai.* Kila siku, kwa miezi. Unakaza kama unayezuia hewa isitoke nyuma na mkojo usitoke mbele kwa pamoja, unavuta kwenda juu, unashikilia sekunde chache mpaka ufike 10, unaachia kabisa, unarudia mara 8 hadi 10, mara 3 kwa siku. Ongeza tabia moja: kaza kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua kitu.

Kosa la kawaida ni kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Mwanamke anakaza tumbo na makalio, anabana pumzi, na anaushusha ukuta ule ule anaotaka kuupandisha. Haliwezi kuonekana kwenye picha wala kusahihishwa kwa kusoma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo huligundua kwa kidole ndani ya dakika moja. Kama utatumia fedha mahali pamoja tu, zitumie kwenye miadi hiyo ya kwanza. Tena usijifunze kwa kukatakata mkojo kila unapokojoa. Jaribio moja la kutambua misuli linatosha.

*Hatari.* Karibu hakuna. Wachache wana misuli iliyokaza kupita kiasi, wenye maumivu ya nyonga, na kwao kukaza zaidi huongeza maumivu. Hao wanahitaji kufundishwa kulegeza kwanza.

*Tendo na uzazi.* Hayazuii lolote.

*Inamfaa* mwenye hatua za mwanzo, mwenye kuvuja mkojo pamoja na kushuka, anayetarajia kuzaa tena, na aliye na subira. Asiye na nafasi ya kufanya kila siku asijilaumu. Achague njia nyingine kwa moyo mweupe.

Pesari

Pesari ni kifaa kinachowekwa ndani ya uke kuushikilia ukuta usishuke. Wazo ni la kale mno. Wagiriki wa zamani wanatajwa kutumia nusu ya komamanga. Za leo ni za silikoni laini. Ya pete ndiyo inayotangulia kujaribiwa. Kwa hatua za juu kuna yenye umbo la sahani na shina, inayoitwa Gellhorn, na nyingine za umbo la kitumbua kinene au la mchemraba.

*Hatua.* Ya pili hadi ya nne.

*Inachoondoa.* Kinundu na uzito, siku ile ile inapowekwa kama saizi imekubali. Mara nyingi mkojo nao huanza kutoka wote. Kwa ukuta wa nyuma na shida ya choo, inasaidia kidogo kuliko kwa ukuta wa mbele na kizazi.

*Inachodai.* Uvumilivu wa kujaribu saizi. Ndogo hudondoka, kubwa huuma au huziba mkojo. Ikikaa sawa hutaihisi kabisa. Usiondoke kliniki kabla hujatembea, kuchuchumaa, kukohoa na kukojoa ukiwa nayo. Baada ya hapo kuna njia mbili: kurudi kliniki itolewe, isafishwe na uke uangaliwe, mara nyingi kila miezi michache, au ujifunze kuitoa na kuirudisha mwenyewe. Mimi naegemea njia ya pili kwa yeyote ambaye mikono yake inaweza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba waliojihudumia wenyewe hawakuwa na maisha mabaya kuliko wanaohudumiwa kliniki, na matatizo ya pesari kwao yalikuwa machache.

*Hatari.* Ute mwingi wenye harufu, mchubuko, damu kidogo. Kwa aliyekoma hedhi, krimu ya estrojeni ya ukeni huimarisha ngozi na kupunguza michubuko. Yenyewe hainyanyui ukuta. Hatari kubwa ni pesari iliyosahauliwa. Ikikaa miaka bila kuangaliwa inaweza kuula ukuta mpaka kutoboa kuelekea kwenye kibofu au utumbo, na hapo panazaliwa fistula. Kwa hiyo bibi mwenye kumbukumbu iliyopungua anahitaji mtu wa nyumbani anayejua kwamba kifaa kipo.

Kuna pia wasioshikwa nayo: mwenye uke mfupi, mwenye mlango mpana sana, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa sehemu hizo.

*Tendo na uzazi.* Wengi hubaki na ya pete wakati wa tendo. Gellhorn na ya mchemraba lazima zitoke kwanza. Kuzaa baadaye hakuzuiliwi.

*Inamfaa* anayetaka nafuu ya haraka bila kisu, ambaye bado ataka watoto, ambaye moyo au mapafu hayaruhusu dawa ya usingizi, na pia anayesubiri zamu ya upasuaji. Ina uzuri mmoja ambao njia nyingine kubwa haina: ukiichoka, unaitoa.

Upasuaji

*Hatua.* Kwa kawaida ya pili iliyovuka kizinda, ya tatu na ya nne, na daima kwa mwenye dalili. Hatua ya kwanza isiyosumbua haipasuliwi.

*Inachoondoa.* Kinundu, kwa uhakika kuliko njia nyingine. Kibofu kilichopinda hunyooka, na ukuta wa nyuma ukishonwa wengi huacha kutumia kidole chooni.

Neno "upasuaji" linaficha mambo matatu tofauti. La kwanza ni kuukaza ukuta wa mbele au wa nyuma kwa kushona tishu zako mwenyewe, kupitia ukeni. La pili ni kuitundika sehemu ya juu, ama kwa nyuzi kwenye kano za nyonga, ama kwa wavu wa plastiki unaofungwa kwenye mfupa wa chini ya mgongo kupitia tumboni. Kizazi huweza kuachwa au kutolewa. Juu ikiwa ndiyo iliyoshuka, kuushona ukuta wa mbele peke yake ni kuziba ufa huku paa limeachwa. La tatu ni kuufunga uke wote au sehemu kubwa. Ni upasuaji mfupi, unadumu sana, na unafaa kwa aliye na umri mkubwa na ambaye ana hakika kwamba hatahitaji tena tendo la ndoa kwa njia hiyo. Hakika hiyo iwe yake mwenyewe, isiwe ya watoto wake.

*Inachodai.* Dawa ya usingizi au ganzi ya mgongo, mrija wa mkojo kwa siku moja au zaidi, na takriban wiki 6 bila kunyanyua vizito na bila tendo. Kama nyumbani hakuna wa kukupokea kazi kwa wiki hizo, lipange hilo kabla hujasaini.

*Hatari.* Kutokwa damu, maambukizi, kuumizwa kibofu au utumbo, maumivu wakati wa tendo. Kuna jambo ambalo halitajwi vya kutosha: ukuta ulioshuka unaweza kuwa umeukunja mrija wa mkojo na kuuzuia usivuje. Ukinyooshwa, mwanamke aliyekuwa hajawahi kuvuja anaanza kuvuja anapokohoa. Omba upimwe ukikohoa huku kinundu kimerudishwa ndani kabla ya siku ya upasuaji. Tena ukuta unaweza kushuka upya. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997, uliojumlisha upasuaji wa kushuka na wa kuvuja mkojo, ulikuta kwamba karibu asilimia 29 ya waliopasuliwa walikuwa wakipasuliwa kwa mara ya pili au zaidi. Mbinu zimebadilika tangu hapo, lakini swali la kurudi ni halali na daktari anapaswa kulijibu.

Kuhusu wavu: ule unaowekwa kupitia ukeni kwa ajili ya kushuka uliwaletea wanawake wengi maumivu na kuchomoza kwa wavu ndani ya uke. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru uache kuuzwa kwa kazi hiyo. Wavu unaowekwa kupitia tumboni ni jambo jingine na bado unatumika, nao una hatari zake. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna wavu; uliza unapita wapi.

*Tendo na uzazi.* Baada ya kupona, wengi husema tendo limekuwa zuri zaidi au halikubadilika, wachache hupata maumivu. Mimba na kuzaa vinaweza kuiharibu kazi iliyofanyika, ndiyo maana kwa kawaida upasuaji husubiri mpaka umemaliza kuzaa.

*Inamfaa* mwenye hatua za juu na dalili nzito, aliyejaribu pesari ikamshinda au asiyeitaka kabisa, aliyemaliza kuzaa, na mwenye afya ya kuhimili.

Zikiwekwa uso kwa uso

Ushindani wa kweli uko kati ya pesari na upasuaji. Huko Uholanzi, wanawake 440 wenye hatua ya pili au zaidi na dalili walipangiwa kimoja au kingine kwa bahati nasibu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka 2, asilimia 76 ya kundi la pesari walisema wamepata nafuu ya kueleweka, dhidi ya asilimia 82 hivi ya kundi la upasuaji. Tofauti si kubwa. Lakini zaidi ya nusu ya walioanza na pesari walikuwa wamehamia kwenye upasuaji ndani ya muda huo, kwa hiyo sehemu ya waliohesabiwa kuwa na nafuu upande wa pesari walishapita kwenye meza ya upasuaji.

Mtu anaweza kuisoma habari hiyo kwa namna mbili, na zote ni halali. Mmoja atasema, kama nusu watahama, kwa nini nichelewe? Mwingine atasema, karibu nusu hawakuhitaji kisu, na nitajua niko upande gani kwa kujaribu tu. Mimi nashawishika na wa pili pale ambapo kliniki ya kufuatilia ipo karibu. Pale ambapo kurudi ni safari ngumu na hakuna wa kumfundisha mwanamke kuitoa mwenyewe, hoja ya wa kwanza inapata nguvu.

Mazoezi hayashindani na yeyote kati yao. Yanakwenda pamoja na zote.

Kwa hali yako

Umeambiwa hatua ya kwanza na huhisi kitu: fuatilia, lainisha choo, anza mazoezi ukipenda. Huna dharura.

Hatua ya pili, ndani ya kizinda, unavuja mkojo: mazoezi yaliyofundishwa, miezi minne bila kukatisha, kisha ujipime upya.

Hatua ya pili, nje ya kizinda, kinundu kinakukera na bado unataka watoto: pesari pamoja na mazoezi. Upasuaji usubiri.

Umejifungua miezi mitatu iliyopita: mazoezi na muda. Kama uzito ni mkubwa mno, pesari inaweza kukushika katika kipindi hiki.

Hatua ya tatu, umemaliza kuzaa, una afya: pesari na upasuaji vyote viko wazi kwako. Jaribu pesari kwanza kama kliniki iko karibu. Nenda moja kwa moja kwenye upasuaji kama unajua moyoni kwamba hutaki kifaa.

Shida yako kubwa ni choo cha kubonyeza kwa kidole: tibu choo kigumu kwanza. Kikilainika na bado unabonyeza, upasuaji wa ukuta wa nyuma una nafasi kubwa kuliko pesari.

Hatua ya nne, umri mkubwa, moyo dhaifu: Gellhorn, ukiwa na mtu wa kukukumbusha kurudi. Ikishindikana, uliza kuhusu kuufunga uke kwa ganzi.

Na kama bado hujapimwa, au ulipimwa ukaondoka na namba tupu, nenda na maswali matatu yameandikwa kwenye karatasi: ni ukuta upi, uko sentimita ngapi kutoka kizinda, na baada ya kukojoa kibofu kinabaki na mkojo kiasi gani?